Habari zote ninazo, umbea sina

Mjomba wangu alifariki Jumanne moja ya Februari, nami nilizipata habari nikiwa kwenye basi hapa Leeds, ghorofa ya juu, natoka zamu ya usiku. Nilitoa simu kuangalia saa tu. Kidole kikateleza kwenye stetasi, na pale katikati ya mtu anayeuza vitenge na mwingine anayewacheka Yanga, nikamwona mjomba. Amevaa lile koti la kijivu alilovaa kwenye harusi ya dada yangu. Pembeni kabandikiwa mshumaa unaowaka, na chini maneno: "Nenda baba, kazi umeimaliza." Picha ikakaa sekunde chache, ikapita yenyewe, akaja yule wa Yanga.

Nikarudisha nyuma nikaitazama tena. Ndivyo nilivyofiwa.

Kwetu Rungwe msiba ulikuwa hausemwi hivyo. Baba alipofariki nilikuwa bweni Iringa, kidato cha tatu. Mwalimu wa zamu aliniita akasema mzee anaumwa, kesho panda basi la asubuhi. Stendi ya Mbeya nikamkuta shemeji ananisubiri. Hakuniambia kitu. Alinipeleka kwa mama ntilie akaniagizia chai na chapati mbili, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza ya pili. Kwenye kosta ya Tukuyu akawa anazungumzia bei ya ndizi. Tulipokata kona ya nyumbani nikaona maturubai, na wanaume wamekaa kwenye magogo, na mkono wa shemeji ulikuwa tayari begani kwangu. Kuna watakaosema ule ni uongo. Mimi naiona kama kazi: mtu mzima alitumwa anibebe mpaka mlangoni mwa habari, na kabla hajanitua alihakikisha nina kitu tumboni.

Simlaumu binti aliyeweka ile picha. Ana miaka kumi na tisa, analia kwa namna anayoijua. Saa mbili baadaye kaka yangu mkubwa alipiga, akaanza taratibu, "Mdogo wangu, umeshakula?" Nikamjibu nimeshaona, kaka. Akanyamaza. Nilihisi nimemnyang'anya kitu ambacho alikuwa amekiandaa asubuhi nzima.

Huu ni mwaka wangu wa sita huku, na nimesikia mengi kuhusu mitandao: mara imetuunganisha, mara imetuharibia watoto. Malalamiko yangu mimi ni madogo kuliko hayo. Habari za nyumbani ninazo zote, tena nyingine nazijua kabla ya mama. Ninachokosa ni umbea.

Umbea nausema kwa heshima zake. Nani kapaka nyumba rangi ya waridi. Mbuzi wa nani kaingia kwenye maharage ya nani. Kwa nini mke wa mwalimu hasalimiani tena na wifi yake. Hakuna mtu anayewasha data ili aandike kwenye grupu la ukoo kwamba leo ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Bando ni hela. Ndugu zangu wengi wanawasha, jumbe mia mbili zinaingia kwa mkupuo, wanasoma za muhimu, wanazima. Kwa hiyo kinachoandikwa ni cha muhimu tu: kazaliwa, kalazwa, kafa, anaoa. Ukoo wangu ndani ya simu umekuwa ukoo wa matukio, na kila tukio lina daftari.

Daftari mnalijua. Unaamka unakuta umeunganishwa kwenye grupu la "Kamati ya Harusi", hujaulizwa, na humo mna watu mia na themanini ambao nusu yao huwajui. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Kila jioni katibu anarusha orodha: jina, ahadi, taslimu, salio. Mimi nipo namba tatu siku zote, hata kama bwana harusi ni mtoto wa jirani wa shangazi. "Kaka wa UK, ahadi 500,000, taslimu 0." Ile sifuri inarushwa kila jioni, na chini yake kuna bibi wa Kiwira aliyetoa elfu tano kwenye mkungu wa ndizi. Kuleft huwezi. Ukileft, kitakachosambaa si kwamba kaka hana hela, ni kwamba kaka kasusa.

Halafu kuna mizinga ya pembeni. Hii inaanza na hali ya hewa. "Shikamoo kaka. Za huko? Baridi vipi?" Ukiona umeulizwa habari za baridi, kaa vizuri. Mtu wa Tukuyu, anayeamka Julai na blanketi begani, ana haja gani na baridi ya Leeds?

Lakini nani aliwaambia nina hela? Mimi. Mwezi wangu wa kwanza niliposti picha nimesimama kwenye theluji, nimeegemea gari la mwenye nyumba. Sikuandika kwamba gari ni langu. Sikuandika pia kwamba si langu. Wakati ule nilikuwa nabeba boksi kwelikweli, maghalani, saa kumi kwa siku, na chumba tulilala wanne. Ile picha ilipata laiki nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka, na tangu siku ile nimekuwa naishi chini yake.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba wivu umegeuka. Rafiki yangu wa sekondari alibaki, ana duka la pembejeo Mwanjelwa. Jumamosi anaposti nyama choma, meza moja, watu kumi na wawili. Nyama naipita. Naangalia nani kakaa karibu na nani, nani kanenepa, nani kapigwa picha katikati ya kucheka. Naikuza picha kwa vidole mpaka nyuso zinavunjikavunjika. Huku jirani yangu wa ukuta kwa ukuta namfahamu kwa kikohozi. Mwaka wa kwanza nilimgongea nimsalimie, kama nilivyolelewa, akafungua mlango nusu akaniuliza kama kuna tatizo.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilimkabidhi waziri jukumu la kushughulikia upweke. Nilimweleza mama. Alicheka mpaka akaishika simu vibaya nikawa naona dari. "Waziri wa upweke? Sasa akija kukagua anakagua nini?" Kisha akauliza, safari hii bila kucheka, kama na mimi nimo kwenye hesabu zake.

Nikija kwenye faida, sitaki kuwa mnafiki. Kazi ninayofanya sasa, ya kutunza wazee, niliipata kwa koneksheni (kwa maana ya zamani, msinicheke). Mtu wa Makambako ambaye sijawahi kumwona kwa macho alitupa ujumbe kwenye grupu la Watanzania kwamba mahali fulani wanatafuta watu. Basi. Mwaka 1973 mwanasosiolojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba watu waliopata kazi kupitia kujuana, wengi hawakusaidiwa na marafiki wa damu bali na watu wanaoonana nao mara mojamoja. Ukifikiri, ndiyo yenyewe: wa karibu yako anajua yaleyale unayoyajua wewe, anayekujua kwa mbali ndiye anayeleta jipya. Kwa kazi hiyo mtandao hauna mpinzani. Unakuwekea mamia ya watu wa mbali mfukoni, na ukikwama uwanja wa ndege wa Istanbul yupo Mtanzania wa kukujibu saa nane usiku.

Kosa letu ni kudhani chombo kinachotuletea watu wa mbali kitatutunzia na wa karibu bila sisi kuongeza chochote.

Bibi yangu alikuwa na neno lake: ukwangala. Kwa Kinyakyusa ni kukaa na wenzako kwa raha, kupiga soga, kuwa pamoja bila ajenda. Kwake mtu asiyejua kukaa na wenzake alikuwa na kasoro kubwa kuliko mtu maskini. Zamani kwetu hata vijiji vilijengwa kwa rika: wavulana wakifika miaka kumi hivi walitoka kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pembeni, wakakua pamoja, wakaoa, wakazeeka majirani. Vijiji hivyo sikuvikuta, neno nimelikuta. Na nimejaribu mara nyingi kulitafutia mahali ndani ya WhatsApp, sijaona. Humo ukikaa kimya hauko na wenzako, haupo tu. Chini ya mgomba unaweza kunyamaza saa nzima na jioni watu wakasema tulikuwa naye.

Kuna wachumi wa Marekani ambao mwaka 2018 waliwalipa watu wazime Facebook wiki nne. Watu walipata takriban saa moja kila siku, sehemu wakatazama televisheni, sehemu wakakaa na ndugu na marafiki. Furaha ikapanda, lakini kidogo. Wengine walikisoma hicho "kidogo" wakaona mitandao haina neno. Mimi nilisimama kwenye ile saa moja. Wao walipozima simu walikuwa na mtu wa kukaa naye. Mimi nikizima, nakaa na kikohozi cha ukutani.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, nilizimiwa. Intaneti ilikatwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa. Siwezi kueleza siku zile kwa mtu ambaye hakuwa nje. Magrupu yote yakafa kwa pamoja, kila ninachotuma kinabaki na tiki moja ya kijivu, na huku nje ya nchi kila mtu ana picha aliyotumiwa na mtu. Mbeya ikitajwa tumbo linakaza. Nikanunua salio la kupiga simu ya kawaida, ile ya kizamani, dakika moja bei ya kikombe cha chai. Siku ya tatu ikashika, kwenye simu ya jirani.

"Tupo baba. Tupo wote, tumekaa ndani."

Hilo lilichukua sekunde ishirini. Nilitegemea ataniaga, maana mama anaogopa kunimalizia hela. Hakuaga. Labda kwa kuwa na yeye alikuwa amefungiwa na maneno siku tatu. Akaanza: ng'ombe kagoma kukamuliwa, na yule mama wa bondeni kaukata mgomba wa mpakani usiku usiku eti ulianguka wenyewe, mgomba gani unaanguka na kipande cha panga? Nilicheka nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ghorofa na sare ya kazi. Dakika kumi na moja. Nilipokata nikagundua kwamba nilikuwa sijamsikia mama akisengenya kwa miaka mitatu. Meseji zake zote zilikuwa salamu, ugonjwa, na ahsante ya hela.

Kazini kuna bibi mmoja, miaka themanini na tisa. Mjukuu wake yuko Australia. Kila Alhamisi ni zamu yangu kumshikia kompyuta ya kiganjani waonane. Mjukuu anamuuliza kama amekula, bibi anasema ndiyo, anamuuliza kama anasikia baridi, anasema hapana. Dakika sita. Halafu mjukuu ananiambia mimi ahsante. Mkono unaniuma kwa kuinua kile kitu, ninasimama nyuma ya kiti, nawaza ni mtoto wa nani anayemshikia mama simu muda huu.

Namjua, kwa kweli. Ni mpwa wangu, ninamtumia hela ya bando. Tumekubaliana Jumapili saa kumi jioni ya huko, nami huku nakuwa jikoni. Masharti yangu ni mawili: simu isishikwe, na nisiulizwe habari. Anaiegemeza kwenye kopo la chumvi, anatoka kwenda kucheza. Mama anachambua maharage. Mimi nakata vitunguu. Kuna Jumapili tumemaliza nusu saa tumesemeshana maneno manne. Picha inaganda, inarudi, mvua ya Tukuyu inapiga bati mpaka sisikii kitu.

Jumapili iliyopita aliingia jirani kuomba chumvi, akachukua kopo, simu ikaanguka kifudifudi. Mama akasema, "Taratibu, huyo ni mwanangu yumo humo." Jirani akanisalimu kwenye giza, nikamwitikia, "Shikamoo mama." Kisha wakanisahau. Wakaanza habari za mwanamume mmoja wa kule juu aliyeaga anakwenda Kyela kununua mchele, na mchele umefika na lori la watu wengine, yeye bado. Na inasemekana Kyela hakufika kabisa. Jirani akashusha sauti, nami nikazima jiko ili kitunguu kisinisumbue. "Sasa mkewe," akasema, "juzi kafungua begi lake akakuta..."

Bando likaisha.