Acheni Kumhubiria Msichana Peke Yake

Kampeni za kupinga ulanguzi wa binadamu zikifika huku kwetu Kenya, anayehubiriwa ni msichana. Usikimbilie kazi ya Uarabuni. Usimwamini mtu wa mtandaoni. Kwenye bango kuna mikono iliyofungwa kamba. Sisi wengine tunapewa soda, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani tukiamini ulanguzi ni mambo ya ndege na pasipoti.

Kutoka Bungoma hadi Salgaa, ukikaribia Nakuru, pasipoti ni ya nini? Malori yanayotoka Mombasa kwenda Malaba, mpakani na Uganda, hulala pale, na madereva wanapolala hapakosi baa na lojing'i. Humo ndimo anamoishia binti aliyeahidiwa kazi ya hoteli. Nauli ililipwa na anti aliyemleta, ikawa deni. Chumba deni, chakula deni, hata ile nguo fupi aliyovalishwa imeandikwa kwenye daftari. Simu "amewekewa" na mwenye baa. Usiku anaonyeshwa mteja, na akikataa anafunguliwa daftari asomewe. Kamba iko wapi hapo?

Na huyo anti mara nyingi si mgeni. Ni wa kijijini, yuko kwenye chama cha kuchangishana pesa na kina mama wenzake, pengine alichinjiwa kuku siku ya kumchukua mtoto. Msichana angemshuku vipi mtu ambaye mama yake mwenyewe amemshukuru? Ng'ombe akivushwa kaunti anatakiwa kuwa na kibali. Mtoto wa gredi ya tisa anaondoka na mfuko wa plastiki, na hakuna anayeuliza anaenda kwa nani.

Sheria tunayo tangu 2010: mlanguzi akipatikana na hatia, ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo haimkubalii mlanguzi ajitetee kwamba binti aliridhia, ikiwa alimpata kwa hila au vitisho. Aliye chini ya miaka 18 hata hila haihitaji kuthibitishwa. Lakini mtaani "si alienda mwenyewe?" ndiyo hukumu yetu. Msako ukija, anayepandishwa gari ni yeye, na majirani wanamwita malaya, huku mwenye baa akihesabu kreti.

Kwa hiyo mafunzo yapelekwe kwa wanaoona. Mwanabodaboda anayembeba mtoto yuleyule kila usiku, kila mara na mwanamume tofauti, anajua. Mhudumu wa lojing'i anayepokea pesa ya chumba bila kuuliza kitambulisho anajua. Kondakta naye anamjua mama anayesafiri na wasichana wapya kila shule zinapofungwa. Kwenye chama, kina mama waulizane bila haya: wako yuko kwa nani, mwajiri anaitwa nani, na mara ya mwisho uliongea naye kwa simu ya nani? Jibu likiwa "ya anti", hapo pana kazi.

Nimeambiwa mwanabodaboda hatasema, kwa sababu anakula kwa haohao wateja wa baa. Ni kweli, na wengine wanalipwa kabisa wanyamaze. Ndiyo maana sitaki aitwe barazani asimame mbele ya chifu. Namba 116 ya watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia hupigwa bure. Zibandikwe steji, kwenye vituo vya mafuta, na mlangoni mwa choo cha hizo baa zenyewe, apige akiwa peke yake.