Phobos ina bluu kweli, au imepakwa?

Wiki iliyopita nilikuwa studio moja Kariakoo kupiga picha za pasipoti. Kijana wa kompyuta ananing'arisha uso bila hata kuniuliza, mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akanisogezea simu yake. Picha ya Phobos, mwezi mdogo wa sayari ya Mirihi: jiwe kama kiazi, na kwenye ukingo wa shimo lake kubwa kuna bluu ya kupendeza.

"Hii imetengenezwa," akasema. "Kama wewe hapo."

Mzee ana hoja. Phobos ni nyeusi kama mkaa, inarudisha takriban asilimia 7 tu ya mwanga wa Jua unaoipiga. Ungeifikia kwa macho yako, bluu ile usingeiona. Picha ilipigwa Machi 2008 na HiRISE, kamera iliyo kwenye chombo cha Marekani kinachoizunguka Mirihi, kutoka umbali wa kilomita 6,800 hivi. Kamera ile hupokea mwanga wa bluu na kijani kwa pamoja, mwekundu, na ule wa infraredi ambao jicho haliuoni kabisa. Kila sehemu ya mwanga huo ikapewa rangi ya kuonekana, kisha tofauti zikakuzwa. Kumrushia mtu picha hiyo bila maelezo ni kumdanganya, hata kama hukukusudia.

Ila bluu haikutolewa hewani. Ukingo wa shimo lile, Stickney, lenye upana wa kilomita 9 kwenye mwezi wa kilomita 27, unaakisi mwanga tofauti na sehemu nyingine. Wanasayansi wengi wanaona kuwa vumbi la juu ya mwezi huo likikaa wazi muda mrefu huelekea wekundu, kwa hiyo penye bluu ndipo palipofunuka baadaye. Bila kukuza rangi tungeangalia mkaa juu ya mkaa.

Wapo wanaosema basi tupewe picha ghafi, mjadala uishe. Hapo siwafuati. Chombo cha Cassini, kilichoizunguka sayari ya Zohali hadi Septemba 2017, picha zake ghafi zilikuwa zinawekwa kwenye intaneti kwa kila mwenye bando. Machi mwaka huo kilipiga mwezi mdogo uitwao Pan kutoka kilomita 24,600 hivi. Nyeusi na nyeupe, hakuna aliyegusa rangi, na bado ungeapa ni utani: kitumbua kitupu, kimetuna katikati na mdomo umezunguka kiunoni pale kinapogeuzwa kwenye chungu. Mdomo ule ni vumbi la pete za Zohali lililojikusanya. Tena picha ghafi huwa na vidoa vyeupe vya chembechembe za angani zilizoipiga kamera. Asiyejua ataviita vyombo vya viumbe wa sayari nyingine.

Lawama yangu iko kwingine. Maelezo ya "rangi zimekuzwa" huandikwa chini ya picha, si ndani yake, na picha ikishasambazwa kwenye simu mara mbili maelezo yamebaki nyuma. Mstari mmoja kwenye kona ya picha yenyewe ungemfikia hata yule mzee.

Nilipogeuka kwenye kompyuta, kovu la juu ya nyusi yangu, la tangu darasa la tatu, lilikuwa limeshafutwa. HiRISE ilikuza kilichopo. Huyu kaondoa kilichopo. Nikamwambia alirudishe. Akanuna, akabonyeza, kovu likarudi.