Maua Yetu Nayo Yapigwe Mionzi

Mtajie mtu wa Mtwara mionzi, atawaza saratani au chumba cha eksirei. Ndiyo maana ninalolitetea hapa watu huliguna: tutumie mionzi kupata aina mpya za maua ya mapambo huku kusini, tuanze na boganvilia.

Anayeguna apite kwa wauza miche wa kando ya barabara. Nilioneshwa boganvilia ya zambarau yenye tawi moja lililotoa maua meupe. Shina lile lile, mizizi ile ile; vinasaba vilibadilika vyenyewe ndani ya jicho la tawi lile. Muuzaji alilikata, akachomeka vipande kwenye viriba, na sasa miche yake anaiuza ghali kuliko ya mmea mama.

Bahati ya namna hiyo huja kwa nadra. Mionzi ya gama, itokayo kwenye metali nunurishi iitwayo kobalti-60, huiongeza ikipigwa kwenye vipandikizi. Kipimo kikizidi vipandikizi hufa, kikipungua havibadiliki. Vinavyopona hupandwa na kuchambuliwa kizazi baada ya kizazi, na vingi hutupwa. Mche unaofika kwako hauna mionzi, kama ambavyo mgonjwa hatoki eksirei akiwa amebeba mionzi mwilini.

Wenzetu wa nje wamefika mbali. Hifadhidata ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, ina aina zaidi ya 3,000 za mimea iliyopatikana kwa njia hii, mamia zikiwa za mapambo. Linaloniuma zaidi ni ua la Usambara, Saintpaulia. Mbegu zake zilitoka Tanga kwenda Ujerumani mwaka 1892. Baadaye Waholanzi waliyapiga mionzi majani yake. Walinufaika na jambo zuri mno: mche unaochipua kwenye kikonyo cha jani hutokana na seli moja, kwa hiyo badiliko likitokea huenea mmea mzima, halibaki baka kwenye tawi moja. Ua letu, elimu yao, soko lao.

Na mionzi si ngeni kwetu. Mbung'o walitokomezwa Unguja kufikia mwaka 1997 kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga. Hakuna aliyeogopa kunywa maziwa ya Unguja kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo naomba kazi hii wapewe watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania hapa Mtwara, ambao tayari wametutolea aina bora za korosho na ufuta. Maabara ya IAEA iliyoko Seibersdorf, Austria, hupokea mbegu na vipandikizi vya nchi wanachama wa IAEA na kuvipiga mionzi, na Tanzania ni mwanachama. Vikirudi, vijaribiwe Shangani na Mikindani, hapa hapa Mtwara, kwenye upepo wa chumvi unaobabua majani ya maua mengi tunayoletewa kutoka bara. Na wauza miche washirikishwe tangu siku ya kwanza ya uchambuzi, maana wao ndio wanaojua mteja husimama mbele ya rangi ipi.