Siku Niliyokunywa Maji ya Mtaro

Tangazo la kazi lilisema kipato "hadi milioni mbili kwa mwezi." Nikasoma milioni mbili. Lile "hadi" nililiruka, kumbe mkataba wote umo humo.

Kazi ilikuwa kuuza machujio ya maji, nyumba kwa nyumba, Dar es Salaam. Mshahara hakuna, kamisheni tu: chujio shilingi 280,000, changu 14,000. Nauli juu yako, shati lenye nembo unakatwa. Na usiseme umeajiriwa. Wewe ni "wakala wa kujitegemea," yaani NSSF usiiulize. Ila huyo anayejitegemea akifika saa moja na dakika thelathini na moja asubuhi, faini elfu mbili.

Kila asubuhi tunasimama duara, tunapiga makofi, tunaimba kwamba sisi ni familia. Aliyeuza jana anagonga kengele. Wiki ya nne inaanza, mimi sijaigusa hata kwa kuifuta vumbi.

Ndipo nikaalikwa na kina mama wa kikoba, Mbagala. Watu kumi na tisa, na sanduku la hela katikati! Kwenye daladala nilishapiga hesabu ya kiwanja.

Nikaamkia, nikamtuma mtoto achote maji ya mtaroni. Akaleta jagi rangi ya chai ya maziwa, ndani kuna kitu kinaogelea. Nikafurahi. Nikamimina juu, nikakinga chini kwa kikombe cha kampuni, kile cha plastiki usichoona ndani. Mafunzo yalisema: usiangalie kikombe, mwangalie mteja machoni, unywe yote.

Nikanywa yote.

Kuna kitu kilipita kooni ambacho si maji. Nikatabasamu, maana na hilo tulifundishwa. "Matamu kama ya chemchemi, mama zangu."

Bibi mmoja akainama mbele. "Mwanangu, mbona masharubu yana matope?"

Tukafungua chujio. Tupu! Kichungi cha ndani bosi alikitoa jana yake kwa ajili ya maji ya chai yake ofisini, akasahau kusema. Au hakusahau, sijui.

Kina mama walicheka mpaka mmoja akalala mkekani. Kisha wakaitisha kikao palepale, wakajadili kama kunywa mtaro ni janga, wakapitisha: elfu kumi kutoka mfuko wa jamii, na pakiti mbili za ORS.

Siku mbili sikutoka chooni. Niliporudi, bosi akanisimamisha katikati ya duara. "Huyu alikunywa! Nani mwingine ana moyo huu?" Makofi. Nikaruhusiwa kugonga kengele, mara moja, polepole.

Mwisho wa mwezi hesabu ikaja: shati, faini, siku mbili za utoro. Nadaiwa 6,500.

Nikalipa kwa ile elfu kumi. Chenji ikawa nauli ya kurudi Mbagala, kuuliza kama kikoba bado kinapokea wanachama.