Pinioni Isielekezwe Kwenye Propela

Kila gari la kuendeshwa na magurudumu ya nyuma linaposhushwa au kuinuliwa kimo chake, kuna fundi atakayeizungusha ekseli mpaka pua ya difu (gia za katikati ya ekseli), inapotokea pinioni, yaani shafti fupi inayopokea mwendo, iitazame moja kwa moja propela, shafti ndefu inayoleta mwendo huo kutoka gia boksi, akiamini kwamba propela iliyonyooka haitetemeki. Kwa propela ya kipande kimoja yenye krosi mbili za kawaida, yaani viungo vya umbo la msalaba vinavyoiruhusu kupinda kwenye ncha zake, imani hiyo naipinga kabisa.

Krosi iliyopinda haipitishi mwendo kama ilivyoupokea. Shafti ya gia boksi inaweza kuzunguka kwa kasi isiyobadilika, lakini propela iliyo upande wa pili huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa digrii 3 tofauti hiyo ni ndogo mno. Ikifika digrii 10, kasi hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 1.5. Dawa yake ni krosi ya nyuma, ambayo ikipinda kwa pembe ileile, na uma za ncha mbili za propela, zinazoshika krosi, zikiwa zimelingana, huufuta mchezo huo kabla haujaifikia pinioni.

Tuchukue gari ambalo gia boksi yake imeinama digrii 3 kuelekea nyuma, na propela imeinama digrii 5. Krosi ya mbele inafanya kazi kwa digrii 2. Pinioni ikiwa sambamba na gia boksi, yaani pua yake imeinuka digrii 3, krosi ya nyuma nayo inapata digrii 2 na hesabu inafungana. Ukiiinua pinioni mpaka digrii 5 ili iifuate propela, krosi ya nyuma inabaki na sifuri, mtetemo wa mbele unakosa wa kuufuta, na sindano za beringi, yaani vijiti vyembamba vya chuma ndani ya krosi, kwa kuwa haziviringiki tena, zinagonga palepale mpaka zichimbe vijishimo kwenye krosi.

Nadhani kosa hili limetoka kwenye magari yenye propela ya krosi pacha upande wa mbele, yaani krosi mbili zilizounganishwa pamoja zinazofutiana mtetemo zenyewe, ambako pinioni kweli huelekezwa kwenye propela. Kanuni ya propela hiyo haihamishiki.

Vipimo vichukuliwe ekseli ikiwa imebeba uzito wa gari. Ekseli inayoning'inia hewani hutoa namba za uongo. Kabla ya kubandika kipimapembe kwenye uso wa flanji ya pinioni (sahani inayofungiwa propela), futa grisi na kutu, kwa maana punje moja ya uchafu yatosha kuharibu usomaji. Mauntingi ya gia boksi iliyolegea ibadilishwe kwanza, la sivyo unapima kitu kitakachohama.

Usambamba huo wa pinioni na gia boksi ndio tunaoutaka gari likiwa linavuta, si likiwa limesimama. Ukikanyaga mafuta, pua ya difu huinuka, hasa kwenye springi za mabapa, kwa hiyo pale ni busara kuiacha pinioni chini kwa digrii 1 au 2 kwa kutumia kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Mikono migumu ya chuma inayoishika ekseli kwenye magari mengine hujipinda kwa kiasi kidogo kuliko springi hizo, na haihitaji kiasi hicho.

Wengi hukimbilia kubalansi propela. Propela isiyo na balansi hutikisa mara moja kwa mzunguko, ilhali pembe mbovu hutikisa mara mbili. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, hiyo ni mitikisiko 50 dhidi ya 100 kwa sekunde. Mtetemo unaobadilika pale tu unapokanyaga au kuachia mafuta, ningeutafuta kwenye pembe kabla ya kuifungua propela.