Gari Lililofungia Simu ya Mwenyewe

Mteja alifika na gari la kifahari ambalo kila alfajiri lilikutwa limeinama pembe ya mbele kushoto, huku pembe nyingine tatu zikiwa zimesimama kama kawaida. Alikuwa mzee wa kauli nzito na tai iliyokazwa barabara, na kabla sijafungua boneti alinijulisha kwamba amekuja kufungiwa kompresa, yaani pampu ya hewa, ya tatu. Mafundi walionitangulia walikuwa wamembadilishia mbili: ya kwanza iliungua, na hii ya pili iliyokuwemo nayo ilishaanza kukoroma.

Nilimweleza kwamba kompresa haiungui bila sababu. Katika magari ya namna hii bodi haikalii springi za chuma bali mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Sensa zilizo karibu na magurudumu huiarifu kompyuta kimo cha kila pembe, na kompyuta ikiona pembe moja imeshuka huiamuru kompresa iongeze hewa. Mfuko ukivuja, kompresa hubaki kutia maji kwenye pakacha: hufanya kazi bila kupumzika, hupata moto, chembechembe za kukaushia hewa hulowa, rilei, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, hugandana, na hatimaye anayelaumiwa ni yule aliyekuwa akijituma kuliko wote.

"Basi ng'oa mifuko yote uniwekee springi za kawaida," alisema mzee.

Nilimwambia kwamba wazo hilo si geni, kwani hata wenye Cadillac Eldorado Brougham, gari la kifahari la Kimarekani la mwaka 1957, wengi wao hewa iliwashinda wakarudi kwenye chuma, lakini gari lake lingebaki likiwasha taa za onyo kwenye dashibodi na kuyumba kuliko alivyozoea. Hakuridhika, ila alinyamaza, nami nikaona kunyamaza kwake kunatosha kuanzia kazi.

Nilipandisha gari hadi kimo chake cha kawaida, nikazima injini, nikapima kwa futikamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kisha nikanyunyiza maji ya sabuni kwenye mfuko, viungio vya mipira ya hewa na bloku ya vali inayogawa hewa kwa kila pembe. Halikutokea povu hata moja. Jambo hilo halikunishangaza, kwa sababu mfuko wa namna hii hujikunja chini kadiri gari linavyoshuka, na ufa uliojificha penye mkunjo huweza kuvuja katika kimo kimoja na kutulia katika kingine. Dawa yake ni kuliacha gari lishuke lenyewe na kulivizia.

Mzee hakuwa mtu wa kuvizia. Aliwasha tochi ya simu yake, akailaza juu ya tairi ili imulike mfuko, akachungulia. Nilimwomba aiondoe, akaniambia, "Nimeiona, fundi, nimeiona," na papo hapo akakumbuka kwamba ana jambo la kumweleza mlinzi langoni. Mimi niliitwa kwenye gari jingine. Tuliporejea, pembe ile ilikuwa imekaa chini kabisa, tairi limemezwa na madigadi, na kwenye upenyo uliobaki, ambao hata kidole hakikupita, mwanga wa tochi ulikuwa ukitokea kwa unyenyekevu mkubwa.

Kusukuma gari hakukuwezekana, kwani tairi likizunguka mara moja tu lingeisaga simu. Jeki nayo haikupita chini ya bodi, hiyo ikiwa ndiyo karaha ya kila gari la hewa lililolala. Mwanafunzi wangu alijaribu kuivuta simu kwa waya akaisukuma ndani zaidi. Nikamtuma akae kwenye usukani awashe injini ili kompresa ilinyanyue gari. Kompresa iliguna, ikanguruma, gari likapanda kiasi cha unene wa kucha, kisha kimya: ilikuwa imepata moto na kujizima yenyewe, kama ilivyoundwa kufanya.

Hata hivyo, kuwasha gari kulizaa jambo jingine. Simu iliyokuwa juu ya tairi ilijiunga na redio, na muda si mrefu ikaanza kuita kupitia spika zote za gari. Mwanafunzi wangu, aliyelelewa kwa adabu, aliona si vyema mtu kuachwa akiita, akabonyeza kitufe cha kupokea.

"Baba watoto, mkutano bado haujaisha?" iliuliza sauti ya mama kwa uwazi ambao ni magari ya bei hiyo tu huweza kuutoa.

Gereji nzima iliacha kazi. Mzee alikimbilia mlangoni, akainamisha kichwa ndani na kujibu kwamba mkutano unaendelea, na wakati huohuo mtu wa upande wa pili wa gereji akawasha mashine ya kusaga chuma.

Nikaona hapo msaada pekee ni kuharakisha. Nilifungua mpira wa hewa wa pembe ile kwenye bloku ya vali, nikaunganisha hewa ya gereji kupitia kipunguza mgandamizo, nikaiongeza kidogo kidogo. Madigadi yakaanza kupanda. Nilikuwa nimenyunyiza sabuni tena, na gari likiwa lingali chini, penye mkunjo wa mfuko palitoka povu zito, jeupe, likitambaa kufuata mstari wa ufa.

"Mfuko ndio unavuja!" nilipaza sauti kwa furaha ya kazi.

"Mfuko gani?" spika ziliuliza. "Si uliniambia gari lilishapona?"

Sikumruhusu mzee aingize mkono hadi nilipoweka stendi chini ya bodi. Simu ilitoka nzima, ina vumbi la breki, tochi bado inawaka. Aliipokea lakini hakuitia sikioni, kwa kuwa mama alikuwa ameshaomba kuzungumza na fundi. Nikasogea kwenye dashibodi, nikamsalimu, nikamweleza kwamba kompresa haina budi kupimwa ikipoa, na kwamba mfuko wa kulia una umri uleule na mpira wake umeshaanza kuchanika.

"Badilisha yote miwili, baba," alisema. "Na hizo kompresa mbili za zamani, mwulize zilinunuliwa kwa hela ipi."

Mzee alinitazama. Nilimwambia mwanafunzi azime injini.