Kununua miaka ya jeshi: pensheni ya Marekani na wanaochelewa kujua

Vijana wa Afrika Mashariki kuvaa sare ya jeshi la Marekani si jambo geni tena. Mpango wa MAVNI, wa kuandikisha jeshini wageni wenye ujuzi maalumu, ulioanza mwaka 2009 na kusitishwa 2016, ulikitaja Kiswahili miongoni mwa lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na wako waliopata uraia kupitia mlango huo. Si kila mmoja aliyekaa jeshini miaka 20. Kuna waliotoka baada ya minne au sita wakaajiriwa posta, katika hospitali za askari wa zamani, au katika ofisi nyingine za serikali kuu. Hapo ndipo swali linapokuja: ile miaka ya jeshi inahesabiwa kwenye pensheni ya utumishi wa umma?

Sheria inasema inahesabiwa, lakini haiingii yenyewe. Unainunua.

Chini ya FERS, mfumo wa pensheni ya watumishi wa serikali kuu ulioanza 1987, mtumishi hulipa kwa kawaida asilimia 3 ya mshahara wa msingi aliopokea jeshini. Posho za nyumba na chakula hazimo kwenye hesabu hiyo. Akilipa ndani ya miaka mitatu ya kwanza kazini, hadaiwi riba. Baada ya hapo riba huanza kuongezwa kila mwaka, na riba yenyewe huzaa riba. Sharti lililo gumu kuliko yote ni kwamba malipo yakamilike kabla hajaacha kazi. Akishatoka mlango umefungwa, isipokuwa athibitishe kwamba ofisi yake ndiyo iliyokosea.

Tuchukue mfano. Askari alihudumu miaka minne, na jumla ya mshahara wake wa msingi ikawa dola 100,000. Deni lake ni dola 3,000. Miaka ikapita, akastaafu utumishi wa umma, na wastani wa mshahara wake wa mwaka, katika miaka mitatu mfululizo aliyolipwa zaidi, ni dola 80,000. FERS humpa asilimia 1 ya wastani huo kwa kila mwaka wa kazi, kwa hiyo miaka minne aliyoinunua inamwongezea dola 3,200 kwa mwaka, maisha yake yote. Akistaafu akiwa na umri wa miaka 62 au zaidi na utumishi wa miaka 20, kiwango kinapanda hadi asilimia 1.1, na nyongeza inafika dola 3,520. Pesa yake imerudi ndani ya mwaka mmoja. Tena miaka hiyo minne inaweza kumsaidia kufikia mapema idadi ya miaka inayotakiwa ili astaafu.

Wanaoupinga utaratibu huu hawakosi hoja, na hoja yao nzito iko hapohapo kwenye mfano. Dola 3,000 haziwezi kugharimia malipo ya miaka 20 au 25, hata zikiwekezwa vizuri. Pengo linazibwa na mlipa kodi. Mtumishi wa kawaida aliyeajiriwa tangu 2014 anakatwa asilimia 4.4 ya mshahara wake kwa pensheni ileile, ilhali miaka ya jeshi inauzwa kwa asilimia 3 ya mshahara wa kijana wa miaka 20, kisha inalipwa kwa kipimo cha mshahara wa mtu mzima aliyepanda vyeo. Pia miaka hiyohiyo ya jeshi imeshahesabiwa kwenye Hifadhi ya Jamii, mfuko wa taifa wa mafao ya uzeeni, kwa kuwa askari wanakatwa mchango huo tangu 1957.

Naikubali hesabu yao. Ninachokikataa ni kuitazama pensheni ya raia peke yake, kana kwamba mtu huyu hakuwa tayari mtumishi wa serikali ileile. Kwa miongo mingi pensheni ya jeshi ilikuwa ya kupata yote au kukosa yote: ukifikisha miaka 20 unalipwa, ukitoka mwaka wa 12 hupati kitu. Takriban askari wanne kati ya watano waliondoka bila senti ya pensheni. Mwalimu au karani aliyekaa miaka 12 katika wizara alikuwa na haki yake, mwenzake aliyekaa muda huohuo kambini hakuwa nayo. Ruzuku iliyo ndani ya ile asilimia 3 inafidia sehemu ya tofauti hiyo, na kwangu mimi hiyo ni haki, haiwezi kuitwa upendeleo.

Hata hivyo hoja yangu ina nguvu zaidi kwa waliotumikia zamani. Tangu 2018 jeshi lina mfumo mpya unaochanganya pensheni na akiba. Askari wa sasa akitoka baada ya miaka michache anaondoka na akaunti yenye mchango wa mwajiri. Kwa huyo, wanaodai kiwango cha asilimia 3 kipandishwe wana msingi. Kukipandisha ni jambo la kujadiliwa. Kumnyima kabisa haki ya kununua miaka yake hapana.

Kwa baadhi ya watu kununua ni hasara. Aliyestaafu jeshini rasmi kwa miaka 20 chini ya mfumo wa zamani anapata kama nusu ya mshahara wake wa msingi. Ili miaka hiyo ihamie FERS, kwa kawaida lazima aiachie pensheni ya jeshi, yaani atoe asilimia 2.5 kwa kila mwaka ili apokee 1. Mara chache inalipa. Wenye pensheni ya askari wa akiba hawafungwi na sharti hilo, wala waliostaafishwa kwa ulemavu uliotokana na vita, ingawa mafunzo ya wikendi ya askari wa akiba hayahesabiwi. Na anayepanga kuondoka kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa kiraia asitegemee pensheni ya FERS, kwa sababu miaka ya jeshi haiwezi kuijaza mitano hiyo.

Kinachoniuma ni wale ambao kununua kungewafaa na hawakuambiwa. Mtu anaingia kazini akiwa mgeni katika nchi, hana shangazi wala mjomba aliyewahi kufanya kazi serikalini wa kumnong'oneza, na miaka mitatu isiyo na riba inayeyuka akijifunza kazi. Anasikia habari hii mwaka wa 15, deni limevimba. Wengine wanaisikia wakiwa wameshaacha kazi. Serikali haiwezi kusema haikujua kwamba alikuwa askari. Alipoomba kazi aliambatisha DD 214, hati ya kuachiwa jeshi, ili apate kipaumbele cha askari wa zamani.

Karatasi iliyotumika kumwajiri ingeweza kutumika pia kumwandalia hesabu ya deni lake. Tangu Oktoba 2020 mwajiriwa mpya wa serikali kuu anaanza kukatwa asilimia 5 kwa ajili ya akiba ya uzeeni bila kuomba, na asiyetaka anajiondoa. Makato ya miaka ya jeshi yangeweza kuanza vivyo hivyo, kidogokidogo, ndani ya ile miaka mitatu isiyo na riba, huku wenye pensheni ya jeshi wakiachwa nje ya utaratibu huo hadi waombe wenyewe.